Koti la Padre Ailean na Wimbo wa Marsaili

Ukimwaga maziwa mlangoni pako asubuhi, kufika adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinaimba habari za maziwa yako. Ndivyo ilivyokuwa kuishi jirani na Marsaili binti Ruairidh. Hakuwa mtu mbaya, Mungu ni shahidi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukuletea maziwa mengine, tena bakuli lake hakulirudia kwa haraka. Lakini wimbo ulikuwa umeshatoka, na wimbo ni kama hayo maziwa, hauzoleki.

Alizaliwa katika nyumba ya mwisho upande wa magharibi wa kisiwa, pale upepo wa bahari kuu unapofika ukiwa bado na nguvu zake zote. Mama yake alikuwa akimlaza kikapuni chini ya ubao wa kutwangia nguo, wanawake kumi na zaidi wakitwanga sufu iliyofumwa juu yake ili ikaze, na kuimba, naye huko chini akilala fofofo. Walipotulia ndipo alipolia. Watu walisema mtoto huyu alijua kiitikio kabla hajajua titi.

Alipokuwa msichana alifuata samaki wa heringi kama wasichana wote wa kisiwa, bandari hadi bandari, vidole vimefungwa vitambaa ili kisu na chumvi visivile. Alipasua samaki na kutunga nyimbo. Alimtungia msimamizi wa mapipa wimbo kuhusu kofia yake, na yule bwana akawa anaingia bandarini kichwa wazi, mvua ikimnyeshea, kwa sababu kila akivaa kofia wasichana mia walianza kuimba. Huko huko alimpata Tormod, mtu mpole, mrefu, asiyesema mpaka aulizwe mara mbili.

"Nitungie na mimi," Tormod alimwambia.

"Nikutungie nini? Wewe huna kosa hata moja la kushika."

"Basi nikuoe. Kosa litapatikana."

Na akamwoa, na makosa yakapatikana, na yote yaliimbwa. Tormod alikuwa akisikia nyimbo za kumsema huku akila viazi vyake, anatikisa kichwa taratibu, kisha anasema, "Huo wa leo mtamu."

Nyimbo zake zilivuka maji. Ziliimbwa kisiwa cha jirani, zikaimbwa bara, na waimbaji wakaapa ni nyimbo za mababu. Marsaili hakujali. Hakujua kuandika wala hakuona haja. Nani aandike kitu ambacho kila mtu anacho mdomoni? Jumapili alikwenda Misa, akasali rozari yake jioni na Tormod, akamshukuru Mungu kwa ng'ombe, kwa viazi, na kwa majirani wenye visa vingi.

Wimbo mmoja tu ndio uliompa shida maishani, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Binti yake wa pekee aliitwa Beathag. Alikuwa msichana wa mikosi ya kuchekesha. Siku ya harusi yake alikuja kanisani na kiatu kimoja, cha pili kimemezwa na tope la njiani, na mbele ya altare akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mwaka uliofuata yeye na mumewe wakaamua kwenda Kanada, kwenye ardhi ya kulima. Siku ya kuondoka, gati lote lilikuwa kilio. Akina mama walivuta nguo za watoto wao mpaka vifungo vikakatika. Marsaili alitazama akasema moyoni, wangu haondoki hivi. Wangu ataondoka anacheka. Na njiani kuja gatini alikuwa ameshatunga. Akasimama juu ya kreti la kuku akaanza:

*Bi harusi waja vipi, enyi watu tazameni:*
*Kiatu kimoja kipo, kimoja ki matopeni!*

Akamwimba Beathag alivyoanguka ndani ya pipa la heringi, akamwimba alivyokwenda kukamua ng'ombe akakamua fahali, akamwimba alivyotega sikio mlangoni na mlango ukafunguliwa. Beathag alicheka mpaka kofia ikaanguka majini. Mashua ikawachukua kwenye meli, naye bado anacheka, anashika mbavu.

Ubeti ulikuwa umebaki mmoja, wa mwisho. Marsaili alifungua kinywa kuutoa, koo likafunga kama mlango wa dhoruba. Haukutoka. Aliumalizia nyumbani, mbele ya ng'ombe:

*Mlango wangu ni ule, sijautia komeo,*
*Hata uje umechoka, sukuma, ingia leo.*

Wanawake wa kijiji waliujifunza wimbo wote, na huo ubeti, wakaupenda kuliko nyimbo zake zote. Kila nguo iliyotwangwa kijijini iliimbiwa huo. Kila mtu kisiwani alikuwa na ubeti wa mlango, isipokuwa mwenye ubeti, Beathag. Na kila aliyerudi kutoka Kanada alileta salamu zilezile: "Beathag hajambo. Anasimulia watu huko, anasema, mama yangu ni wa ajabu, watu wote walilia, yeye alinicheka, hata chozi hakutoa." Marsaili naye anacheka na mgeni, anamtilia chai, kisha anatoka nje kutafuta kuku ambaye hakupotea.

Miaka ikapita hivyo, mpaka kiangazi alichokuja Bi Cargill na sanduku.

Bi Isobel Cargill alikuwa mwalimu wa muziki wa Edinburgh, mwembamba, pua nyekundu kwa upepo wetu, Kigeli chake, lugha yetu, cha kujifunza lakini cha adabu. Sanduku lake lilikuwa na pembe kubwa la bati, na ndani ya sanduku unatia kigogo cha nta kilicho kama kopo la unga. Ukiimba ndani ya pembe, sindano inachimba sauti yako kwenye nta. Ukirudisha sindano, nta inakuimbia. Alikuwa ameshazunguka kisiwa kizima akikusanya nyimbo, na kila alikouliza, "Huu ni wa nani?" akajibiwa, "Huo? Huo ni wa Marsaili." Ndipo akaja nyumbani kwake na kumwambia kwa heshima kwamba angependa kuchukua nyimbo za mtunzi kutoka kinywani mwa mtunzi.

"Nazo zikishaingia kwenye nta," Marsaili akauliza, "zinaweza kupanda meli?"

"Zinaweza kwenda popote, mama, mradi kuna sanduku kama hili."

"Kanada?"

Bi Cargill akafikiri. Padre mmoja wa huko, wa upande uleule walikokwenda watu wa kisiwa, alikuwa nalo sanduku, walikuwa wakiandikiana. Angempelekea kigogo kimoja kwa furaha. Shida ni kwamba vigogo vilikuwa vimebaki viwili tu, na meli ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi.

Marsaili alikaa kimya, jambo lililomtisha Tormod kiasi cha kumfanya asimame.

"Kesho ni kesho," Marsaili akasema. "Leo jirani yetu Peigi anatwanga nguo ya harusi ya mwanawe. Beba sanduku lako, binti, twende."

Nyumba ya Peigi ilikuwa imeshajaa. Ubao mrefu umetandazwa katikati, wanawake wamekaa huku na huku, mikono wazi hadi viwikoni, na juu ya ubao kitambaa cha sufu cha Eachann mwana wa Peigi, kimelowa maji ya pipa. Naomba radhi kusema, lakini yale si maji, ni haja ndogo. Kila nyumba ilichangia pipa lile wiki nzima, na hakuna kitu kinachokaza rangi ya sufu kama hicho. Bi Cargill alivuta pumzi mara moja mlangoni, macho yakamtoka, kisha kwa ujasiri mkubwa akavuta ya pili.

"Utazoea," Peigi akamwambia. "Na usipozoea, utazimia, na ukizimia tutakutungia."

Wanaume walikuwa wameshatoweka. Tormod alikwenda mlimani na ng'ombe, Eachann mwenyewe alipanda mashua akakaa katikati ya ghuba. Kwetu mwanamume anayekanyaga kizingiti wakati nguo inatwangwa hana wa kumtetea. Mwaka wa nyuma muuza sindano aliingia kuomba maji ya kunywa, akatoka amefungwa nyuzi mwili mzima, soksi zake zimeshatwangwa.

Bi Cargill akaweka sanduku juu ya kasha la nguo, kwenye godoro la manyoya lisitikisike, pembe likielekea kichwa cha Marsaili. Wakaanza. Pum, pum, mikono ikapiga, kitambaa kikazunguka kufuata njia ya jua, na Marsaili akauachia wimbo wa Beathag, wanawake wakiitikia *hi ri ho ro, hu o ro* mpaka vikombe vikacheza rafuni. Kiatu kikaenda topeni. Fahali akakamuliwa. Wakafika kwenye pipa la heringi, na wanawake, kwa kuwa walikuwa na mgeni na walitaka kumfurahisha, wakarudia kiitikio mara mbili badala ya mara moja, na Peigi akapiga na kigelegele chake.

Sanduku likafanya *krrr*.

"Nta imekwisha," Bi Cargill akasema.

"Imekwisha vipi? Wimbo haujakwisha!"

"Kigogo kinabeba dakika chache tu, mama. Kimejaa."

"Kimejaa pipa na fahali," Marsaili akasema polepole, "na mlango uko nje."

Bi Cargill hakuelewa huzuni ile, akadhani labda wanawake hawaamini kama sauti imeingia. Basi kwa moyo mwema kabisa akarudisha sindano mwanzo na kusukuma kile kidude. Na pembe la bati likaimba. Marsaili mdogo mwenye mafua akaimba kutoka mle ndani: *Bi harusi waja vipi...*

Kwa kitambo wote walikufa kwa furaha. Oighrig mzee akaingiza mkono kwenye pembe kumtafuta. Mwingine akasema, "Ni yeye! Hata kile kikohozi!" Halafu Peigi akatazama mikono yake, akatazama ubao, na rangi ikamtoka.

"Nguo," akasema.

Kitambaa cha Eachann kilikuwa bado kipo juu ya ubao.

Kila mtu kisiwani anajua, na mtoto anajua, wimbo hauimbwi mara mbili juu ya nguo moja. Zipo nyimbo za kutosha, Mungu hakutunyima. Ukiurudia, umeiita bahati mbaya kwa jina la mvaaji.

"Zima!" Peigi akapiga kelele. "Zima mdomo wake huyo!"

"Sijui kuzima kwa haraka..."

"Keti juu yake!"

Oighrig akavua shali akalisokomeza ndani ya pembe. Wimbo ukaendelea kwa sauti ya mtu aliye chini ya blanketi, ukamalizia na pipa la heringi, ukanyamaza.

"Suruali ya mwanangu," Peigi akasema. "Ya harusi! Marsaili, umeimba mara mbili juu ya suruali ya mwanangu!"

"Mimi nimeimba mara moja, shoga. Mdomo wangu umefumba, umeuona."

"Sauti ya nani ile?"

"Ya kwangu. Lakini mimi sikuwemo."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa, nakutazama wewe ukipayuka!"

Wakaanza wote kusema kwa pamoja. Wengine wakasema sanduku halikubatizwa kwa hiyo haliwezi kuimba, linaweza kulia tu, kama paka. Wengine wakasema bahati mbaya haiulizi cheti cha ubatizo. Mwishowe Peigi akajifunga shali na kutoka mbio kwenda kumwita Padre Ailean aamue.

Nyuma yake Marsaili akamshika Bi Cargill mkono. "Binti, kimebaki kigogo kimoja."

"Kimoja, mama. Na hiki cha kwanza naweza kukipeleka Kanada kama kilivyo. Ni kizuri sana. Atacheka."

"Alishacheka," Marsaili akasema. "Ameenda na kicheko changu miaka yote hii, anadhani ndicho nilichokuwa nacho. Hicho kigogo ni kumpelekea kicheko kingine. Nataka apate mlango."

Bi Cargill akaelewa. Pua yake ikazidi wekundu. "Basi uimbe sasa hivi. Bila kutwanga. Keti tu kitini uimbe, nami nisikilize kwanza kabla ya kuweka nta."

Marsaili akaketi kitini. Akaweka mikono mapajani. Akafungua kinywa akaimba mstari, akaimba nusu ya pili, akasimama. Akaanza tena. Mikono ilikuwa ikitapatapa kama samaki ndani ya kikapu.

"Hauji," akasema. "Ni kama kusali rozari bila punje, unafika mahali hujui ni Salamu Maria ya ngapi. Nipeni nguo."

"Si hiyo!" wakasema wote.

"Nyingine basi. Blanketi la mtu!"

Na hapo ndipo sifa za Marsaili zilipomgeukia. Raonaid, aliyekaa upande wa pili wa ubao, akasema ana blanketi jipya, akatoka kwenda kulileta, akarudi kutoka mlangoni: "Tuliliimbia huo huo, mnakumbuka, siku ya mvua ya mawe." La Oighrig? Huo huo, tena Oighrig ndiye aliyeuomba. Shali la Peigi? Huo huo. Pazia la kitanda cha Raonaid, koti la baharini la mumewe, gunia la sufu la kuwekea viazi? Wakataja kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, kitu kwa kitu, na kila kitu kilichofumwa tangu Beathag aondoke kilikuwa kimeimbiwa wimbo wa Beathag. Hapakuwa na uzi uliobaki.

"Ungekuwa mtunzi mbaya," Raonaid akamwambia, "saa hizi tungekuwa na blanketi."

Wakaanza kucheka, kile kicheko kinachomshika mtu tumboni hata mahali pa huzuni, na Marsaili akicheka huku machozi yanamtoka, wala hakujua mwenyewe ni machozi ya upande gani.

Katika hali hiyo Padre Ailean akafika.

Alikuwa mtoto wa kisiwa, mnene, mwenye huruma, na mwenye akili ya kutosha kusimama nje ya kizingiti, ncha za viatu zikiwa hazijagusa jiwe. Alivaa koti lake jipya refu jeusi, ambalo dada yake alimletea kutoka duka kubwa la Glasgow. Kijiji chote kilikuwa kimelitazama Jumapili mbili.

"Amani iwe nyumbani humu," akasema. "Peigi ameniambia kuna suruali inayohitaji msaada."

Wakamweleza kwa mpigo mmoja. Padre hakucheka, maana alikulia hapo na mama yake alitwanga nguo hapo. Akauliza maswali kwa uzito. Je, pembe lilielekea wapi? Upande wa Marsaili. Na kitambaa kilikuwa kimetandazwaje? Ncha moja kwa Marsaili, ncha nyingine kule kwenye moto. Na sauti ya sanduku ni kubwa?

"Ndogo," Bi Cargill akakiri. "Ya mtu aliyeko kisimani."

"Basi," Padre akasema, "kwa maoni yangu ncha ya karibu imesikia, ncha ya mbali haikusikia. Kateni ile iliyosikia, mpeni Bi huyu akafunikie sanduku lake, na iliyobaki nitaibariki kwa jina la Eachann."

Peigi akapima kwa mkono. "Kizibao kitakuwa kifupi."

"Bwana harusi mwenye kizibao kifupi, Peigi, si bahati mbaya. Ni baridi tu."

Peigi akatafakari, akakubali. Kitambaa kikainuliwa, ncha ikakatwa. Mambo yangeishia hapo, Padre akaenda zake kwa heshima. Lakini Padre Ailean alikuwa na udhaifu mmoja, wa kupenda vyombo. Saa ya sakristia aliifungua mara tatu kuitazama utumbo. Na pale aliposimama, aliweza kuona pembe la bati linang'aa, na kidude kidogo cha shaba kinachozunguka.

"Na hiyo sindano," akasema, akinyoosha shingo, "inasukumwa na nini?"

"Ni springi, Padre," Bi Cargill akasema. "Unaweza kuiona ukiinama hapa."

Padre akaingia kuinama.

Nyumba ikanyamaza kimya. Hata moto wa mboji kavu, kuni zetu, uliacha kufuka. Padre alikuwa ameshaweka jicho kwenye springi alipohisi ule ukimya mgongoni, akageuka, akaona sura za wanawake wote, akatazama kizingiti nyuma yake.

"La," akasema. "Mabinti zangu, nimekuja kwa kazi ya Kanisa."

"Kazi ya Kanisa uliimaliza ukiwa nje," Peigi akasema kwa upole kabisa.

"Nimewabatizia watoto!"

"Na Mungu akulipe," Raonaid akasema, akifunga mlango.

Marsaili alikuwa amesimama, na hakuwa akimtazama Padre. Alikuwa akilitazama koti. Sufu nzito nyeusi, imefumwa na mashine huko Glasgow, haijawahi kukaa juu ya ubao wa mwanamke yeyote.

"Padre wangu," akasema, "hilo koti limewahi kuimbiwa wimbo?"

Padre akafikiri kwa uaminifu. "Sidhani. Limetoka dukani."

"Wimbo wowote?"

"Hata mmoja."

"Maskini," wanawake wakasema kwa pamoja, wakilihurumia kwa dhati.

"Ni kwa ajili ya Beathag, Padre," Marsaili akasema. "Ule ubeti wa mlango. Haukuingia kwenye nta."

Padre Ailean ndiye aliyesimama gatini siku ile akabariki mashua. Alijua ni ubeti gani. Akamtazama Marsaili, akatazama pipa, na pua yake ikamwambia yote yatakayotokea. Akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja.

"Dada yangu akiuliza," akasema, "nililiangusha."

"Uliliangusha wapi, Padre?"

"Mtanitungia, si ndiyo? Pawekeni humo humo wimboni."

Koti likaingia kwenye pipa, likatoka linachuruzika, likatua kwenye ubao kwa kishindo, *paaf*. Bi Cargill akaweka kigogo cha mwisho. Padre akaketishwa kwenye kreti, amebaki na shati tu, akakatazwa kupumua kwa nguvu.

"Kiitikio mara moja!" Marsaili akaagiza. "Atakayerudia nitamtungia mpaka kaburini. Peigi, kigelegele chako kimeze."

Pum, pum. Mikono ikashika mwendo. Sindano ikatua. Na Marsaili hakuanza na bi harusi. Hakungoja kiatu, wala pipa, wala fahali. Alianza na mwisho:

*Mlango wangu ni ule, sijautia komeo,*
*Hata uje umechoka, sukuma, ingia leo!*

Koo halikufunga. Pigo la mikono lililibeba. Wanawake wakaitikia, wengine kwa kikwikwi, na sasa ubeti umeshaingia kwenye nta, umo, hakuna wa kuutoa, Marsaili akawa mwepesi kama unyoya. Akarudi kwenye kiatu, akarudi kwenye fahali, mikono inaruka, koti linazunguka, na kila mzunguko linapungua, mkono mmoja wa koti ukimpiga Oighrig usoni kama mlevi anayeaga. Nta ilikuwa bado inazunguka. Ndipo, papo hapo, bila kufikiri, akautoa mpya:

*Padre kaja kanisani, koti lake li kifuani,*
*Limetwangwa na mabinti, lamtosha mwana wa jirani!*

Padre akapasuka. Alijizuia mpaka akawa mwekundu, kisha kicheko kikamtoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na *krrr*, nta ikaisha juu ya kicheko chake.

Hawakuusikiliza. Peigi hakuruhusu sindano irudi hata nguo zilipotolewa nje, akasema leo ameshakata kizibao kimoja na inatosha. Bi Cargill naye akasema nta huchakaa kila ikiimba, bora iende nzima. Kwa hiyo Marsaili hakujua kama sauti imeshika au haikushika. Asubuhi alikwenda gatini, akakiona kigogo kimefungwa kwenye ile ncha ya kitambaa cha Eachann, kimekumbatiwa na Bi Cargill kama mtoto mchanga. Akakifanyia ishara ya msalaba, akarudi kukamua.

Koti la Padre lilipokauka lilimfika kiunoni. Alilivaa majira mawili ya baridi, na altare ikanukia ubani na pipa kwa pamoja.

Habari zilikuja mwaka uliofuata, na zilikuja kwa miguu. Lachlann, shemeji yake Beathag, alirudi kutoka Kanada kumuuguza baba yake, na baada ya kumzika alipita kwa Marsaili. Hakungoja kukaribishwa chai.

"Umefika," akasema.

Marsaili akakaa chini.

"Padre wa huko alituita wote, nyumba ikajaa. Beathag alisimama mbele, watoto wamemshika sketi. Tulijua ni wimbo wa kuchekesha, tulishajiandaa kucheka, tena yeye mwenyewe alikuwa ameanza. Halafu ukaanza na mlango." Lachlann akakuna kichwa. "Mama, sijui nikwambieje. Aliweka mkono kwenye pembe, hivi, kama mtu anayeshika shavu. Akasema, 'Kumbe.' Akalia, akacheka kiatu kilipofika, akalia tena. Na mwisho kuna mtu anacheka mle ndani kama mbuzi, watoto wanataka kujua ni nani."

"Ni Padre wetu," Tormod akasema, bila kuulizwa hata mara moja.

"Sasa kuna ugomvi," Lachlann akaendelea. "Watoto wa Beathag wameujifunza kwenye nta, na watoto wote wa huko wamewafuata. Wanaanza na mlango, wanamaliza na koti. Mimi nikawaambia, hapana, siku ya gatini ulianza na bi harusi. Wakanizomea. Wanasema mimi siujui wimbo. Niwaambieje nikirudi? Upi ndio sawasawa?"

Marsaili alicheka mpaka akashika meza. Alicheka mpaka majirani wakaja, na Peigi mbele yao, mikono ina unga wa shayiri, akiuliza kuna nini. Walipoelezwa, Peigi akasema kwamba kichwa cha wimbo hakiwezi kuwa miguuni, hata Kanada. Raonaid akasema mlango unaweza kuwa popote ukuta ulipo. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

"Waambie," Marsaili akasema alipopata pumzi, akijifuta macho kwa aproni, "waambie wao ndio wako sawa. Sisi ndio tuliouimba kinyume miaka yote."

Na akainuka akaweka maji mengine motoni.